Kura ya Mwenye Nukta Mbili

Kwa siku nzima mimi huamkiwa mara moja tu. Ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mbele ya mlango wa Bomba la Tisa, na anayeniamkia ni Ngailo, mzee wa miaka sabini na minne. Taa iliyo kifuani mwake hutetemeka, anaweka gunia chini, anasema, "Shikamoo, Mama Lusajo." Nami, mwenye miaka sitini na mmoja, huitikia, "Marahaba, Ngailo," kwa sauti ya mtu mwenye shughuli nyingi. Kisha huingia bombani nikiwa nimeshiba.

Msinicheke. Anayekula mlo mmoja kwa siku huutafuna polepole.

Asubuhi ile ilipoletwa habari ya kura, nilikuwa nimeshawaamkia watu kumi na wanane njiani. Wa mwisho alikuwa kijana wa kituo cha vipimo, ambaye ndevu zake zilikuwa bado zinaomba ruhusa ya kutoka. Taa yangu ilitetemeka hatua kumi kabla hatujafikiana. "Shikamoo," nikasema. "Marahaba," akajibu, macho yake yakiwa ndani ya kikombe cha chai. Yeye ana nukta tano zinazowaka kifuani, mimi mbili. Siku aliyozaliwa nilimpelekea mama yake uji, lakini taa haihesabu uji wala miaka, inahesabu nukta. Ningemnyamazia, taa ingeandika, na kesho yake ningeamka na nukta moja.

Kazi yetu ni ukoko. Maji ya moto yanayotoka tumboni mwa mlima huja yamebeba madini, na yanapopoa njiani madini hayo hugandia ukuta wa bomba, tabaka juu ya tabaka, mpaka njia inakuwa nyembamba na nyumba za mbele zinakosa joto. Hapo bomba hufungwa, huachwa lipoe siku mbili, na mimi huingia kwa magoti na tindo yangu. Mimi nakwangua. Ngailo anazoa, anatia guniani, anabeba mgongoni mpaka korongoni. Mwenye tindo ni nukta mbili, mwenye gunia ni nukta moja. Mgeni angeuliza tofauti iko wapi, kwa kuwa wote tunatoka mle tukiwa weupe kama tumeanguka kwenye pipa la unga. Mgeni hajawahi kuwa na nukta mbili.

Kila nukta ni saa mbili za joto nyumbani kwa siku. Babu zetu walipanda hapa Ilongoti wakilikimbia jua la bondeni, lilipoanza kuua ng'ombe wakiwa wamesimama. Wao walikimbia joto, wajukuu tunagombea joto. Mungu naye ana utani wake.

Basi tulikuwa tumekaa juu ya magunia tukinywa chai, Ngailo upande wake na mimi upande wangu, alipofika Hobokela, karani wa kura. Ni mwanamke wa miaka arobaini hivi, ana nukta nne, na si mbaya wa roho. Tulimwamkia wote wawili, akaitikia, akakaa juu ya bomba bila kujali vumbi.

"Jumamosi mnapiga kura," akasema. "Swali ni moja tu. Joto lote la mlima ligawanywe sawa kwa kila nyumba, ndiyo au hapana?"

"Sawa maana yake nini?" nikauliza.

"Saa nane kila nyumba."

Saa nane! Mimi nilikuwa na nne. Magoti yangu yalisikia habari ile kabla ya masikio.

"Na nukta?"

"Nukta ni joto, Atuganile. Joto likiwa sawa, nukta za nini tena? Taa zitakusanywa zote."

Nilimtazama Ngailo kwa pembe ya jicho. Alikuwa anapuliza chai yake kana kwamba hayamhusu.

"Kwa hiyo na Ngailo naye atapata saa nane?"

"Naye."

"Kama mimi?"

"Kama wewe. Kama mkuu wa mji."

Hilo la mkuu wa mji sikulisikia. Nilisikia 'kama Ngailo', na baridi ikanipanda kutoka kwenye gunia nililokalia.

Hobokela akamalizia na lile la kawaida. Huku kwetu mwenye nukta moja hana kura mkononi mwake. Mkuu wake wa kazi humpigia. Kwa hiyo mimi nilikuwa na kura mbili, yangu na ya Ngailo. Nilitakiwa niende nyumbani kwake, si pale kazini, nikalichukue neno lake kutoka kinywani mwake, halafu Jumamosi nilitie sandukuni. "Hakuna atakayekuchungulia," akasema Hobokela akiinuka. "Hiyo ni dhamana. Dhamana iko kwako na Mungu wako."

*

Wiki ile bombani kwa maji ya kunywa hakukuwa na jambo lingine. Sisi wa mtaa wa nukta mbili hukutana pale jioni na ndoo zetu, na kwa kuwa tuko sawa hakuna anayemwamkia mwenzake, tunasema tu "Umekuja?" na tunakaa kimya. Lakini wiki ile tulipata maneno. Subilaga, jirani yangu wa ukuta mmoja, ambaye vidole vyake viwili vilikufa kwa baridi mwaka juzi, ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote.

"Mimi niwe sawa na wabeba magunia?" alisema, akinyoosha ule mkono wenye vidole vilivyokufa. "Nimekwangua miaka kumi na tisa kuipata nukta ya pili. Miaka kumi na tisa! Leo waje waifute kwa siku moja, eti usawa?"

"Utapata saa nane," nikamwambia. "Vidole vyako vitapona."

"Na wao?"

"Na wao nane."

"Basi hata zingekuwa ishirini nisingezitaka," akasema, na wanawake wote pale wakaguna kwa kukubali. Mimi nami niliguna.

Wenye nukta saba hawakufanya hata mkutano mmoja. Walikaa kwao juu karibu na chanzo, kwenye nyumba ambazo watu hutembea peku ndani, na sisi tukawafanyia kampeni bure huku tunatetemeka. Hili naliona sasa. Wakati ule niliona tu kwamba Subilaga anasema kweli, na kwamba angalau kwa siku tatu nilikuwa na mtu wa kuongea naye.

Nikirudi nyumbani nilikuwa na saa nne za joto, nami huzitumia zote jioni ili nipate usingizi. Nyumba yangu ina kiti cha marehemu mume wangu, ambacho sikikalii, na kiti cha mwanangu Lusajo, ambacho yeye hakikalii. Lusajo ni fundi wa vali kule juu. Mara ya mwisho kuja kwangu ni miaka minne iliyopita, wiki aliyopata nukta ya tano. Nilikuwa nimepika ndizi na maharage, nimefagia mpaka chini ya kitanda. Akaingia, na kabla sijamkumbatia taa ikatetemeka kifuani mwangu.

Alikuwa amesimama mlangoni na koti jipya. Aliisikia, maana chumba kilikuwa kimya. Akasema, "Mama, usijali, acha tu." Lakini ningeacha ningeshuka, na kushuka ni kupoteza saa mbili, na ilikuwa Julai. Nikamwambia mtoto niliyemzaa, "Shikamoo, Lusajo." Aliangalia sakafu akaitikia kwa sauti ndogo. Alikula ndizi mbili, akasema ana zamu. Tangu siku hiyo hutuma salamu kwa mtambo: mama u mzima, mimi ni mzima. Nami hujibu kwamba ni mzima.

*

Ijumaa mchana nilishuka kwa Ngailo kulichukua neno lake. Tumefanya kazi pamoja miaka sita, na sikuwa nimewahi kuingia kwake. Watu wa nukta mbili hawaendi mtaa ule, na kama unaniuliza sababu, sababu ni kwamba watu wa nukta mbili hawaendi mtaa ule.

Chumba kilikuwa kimoja, safi, chenye baridi ya kukata. Mkewe, Bi Tumpe, alikuwa kitandani amefunikwa blanketi mbili na koti la Ngailo la kazini juu yake. Alikuwa anakohoa kikohozi kile cha ndani, kinachoanzia mgongoni. Taa yake ilikuwa imetundikwa kwenye msumari, imezimwa, kwa sababu mgonjwa asiyetoka nje haihitaji.

Ngailo aliniamkia, nikaitikia. Bi Tumpe hakuniamkia. Alinitazama usoni, akasubiri.

Nilielewa anasubiri nini. Amenipita miaka kumi, hana taa, na tuko nyumbani kwake. Kwa mila ya zamani mimi ndiye wa kufungua mdomo. Nilikaa na shikamoo ulimini kama mtu aliyetia viazi vya moto kinywani. Miaka ishirini sikuwa nimemwamkia mtu kwa ajili ya mvi zake. Nikatazama taa yangu. Ilikuwa imetulia, hainiamrishi kitu. Nikanyamaza.

"Karibu hivyo hivyo, mdogo wangu," akasema Bi Tumpe. "Baba Sekela, mpe kiti mgeni."

Ngailo akanipa kiti, yeye akakaa kitandani miguuni pa mkewe, akaingiza mikono chini ya blanketi akaishika miguu yake. Alifanya hivyo bila kufikiri. Niliona kwamba ndivyo wanavyokaa kila siku baada ya saa mbili zao kwisha.

"Unamwona huyu?" Bi Tumpe akaniambia. "Mikono yake mikavu kama magome. Ananikwaruza miguu, eti ananipasha joto. Hilo ndilo bomba langu."

"Na bado unalalamika," akasema Ngailo. "Bomba halilipwi, halipewi asante."

Wakacheka, Bi Tumpe akacheka mpaka kikohozi kikamshika, na Ngailo akamwinua akampigapiga mgongoni kwa mpigo wa mtu aliyezoea. Nilitazama pembeni. Niliona wivu, niseme tu ukweli wangu. Nilikuja na nukta mbili kwenye nyumba ya nukta moja, nikamwonea wivu mgonjwa.

Kikohozi kilipotulia nikasema kilichonileta.

"Nipigie ndiyo, Mama Lusajo," akasema Ngailo. "Daktari ametuambia wazi. Kifua hiki kikiingia kipupwe kingine kwa saa mbili, hakitavuka. Kikipata chumba chenye joto, ana miaka yake mingi ya kunisumbua. Sina maneno mengine."

"Nimelichukua neno lako," nikasema, kama sheria inavyotaka.

Alinisindikiza mpaka kona ya mtaa, akanishukuru mara tatu. Sikumuuliza nilichotaka kumuuliza, yaani ikipita, na taa zikikusanywa, utaniita nani kila asubuhi? Mtu mzima hawezi kuuliza jambo hilo.

*

Jumamosi sanduku liliwekwa kwenye ukumbi wa mabomba. Unaingia peke yako nyuma ya pazia, unaigusisha taa yako kwenye kioo, na mtambo unakuuliza. Mimi uliniuliza kwanza ya Ngailo, kwa jina lake.

Nilibonyeza ndiyo. Haraka, ili mkono usipate nafasi ya kufikiri. Nilijisikia mtu mwema, nikataka hata kutoka na wema ule ule.

Kisha ukaniuliza yangu.

Nilisimama pale muda mrefu, mpaka aliye nje akakohoa. Nilifikiria magoti yangu na saa nane. Nilifikiria kifua cha Bi Tumpe. Halafu nikafikiria asubuhi ya Jumatatu bila taa, Ngailo anapita na gunia lake, ananitazama kama anavyotazama ukuta wa bomba, kwa sababu hana tena deni la heshima kwangu. Ningekuwa nani pale? Mwanamke mwenye vumbi.

Na kulikuwa na jingine chini yake, ambalo nimelificha hata kwenu mpaka sasa. Taa zikikusanywa, Lusajo hana tena sababu ya kutokuja. Miaka minne nimewaambia majirani kwamba mwanangu haji kwa sababu ya nukta, anaona aibu kuamkiwa na mama yake, mtoto mwenye adabu. Siku nukta zitakapofutwa ningefagia mpaka chini ya kitanda, ningepika ndizi, ningekaa. Na asipokuja siku hiyo, na ya pili yake, na mwezi ule wote? Niliogopa kujua. Nilipenda kumkosa kwa sababu ya taa kuliko kumkosa bure.

Nikajiambia kwamba kura moja haijengi wala haibomoi. Nikajiambia kwamba Ngailo nimemtendea haki yake, hii ni yangu. Nikabonyeza hapana.

*

Jumapili jioni mtambo ukatangaza. Hapana ilishinda kwa kura mia mbili na kitu, katika mji wa watu elfu tisa. Baadaye Hobokela aliniambia jambo ambalo makarani huambiana: mitaa ya nukta saba iligawanyika nusu kwa nusu, wengine wao walitaka kabisa kugawana. Mtaa uliokataa kuliko yote ulikuwa wetu. Bombani kwa maji Subilaga aliimba. Nami niliitikia kiitikio, kisha nikaenda nyumbani na ndoo yangu, nikakaa mbele ya viti viwili vitupu mpaka saa zangu nne zikaisha.

Jumatatu Ngailo alifika kabla yangu. Taa yake ikatetemeka, akaweka gunia chini. "Shikamoo, Mama Lusajo." Nikaitikia, lakini hakuinama kulichukua gunia kama kawaida yake. Alibaki amesimama, kofia mkononi.

"Nilitaka kukwambia asante," akasema. "Mama Sekela naye amesema nikwambie. Hatukushinda, lakini tumelala tukijua Bomba la Tisa lilisema ndiyo mara mbili. Mtu akiwa chini kabisa hudhani hakuna anayemwona. Wewe ulikuja mpaka kwangu, ukakaa, ukamwona mgonjwa wangu."

Ningeweza kusema haya, asante, twende kazini. Pazia lilikuwa pazia, hakuna aliyenichungulia. Lakini alikuwa ananitazama kwa uso ambao sijatazamwa nao tangu mume wangu afe, na uso ule ulikuwa wa mwanamke mwingine, si wangu. Sikuweza kuuvaa.

"Ngailo," nikasema. "Yako nilipiga ndiyo. Yangu nilipiga hapana."

Hakuelewa mara moja. "Hapana ya nini? Saa nane hukuzitaka?"

"Nilizitaka."

"Sasa?"

Nilishika tindo kwa mikono miwili kama mtoto anayeogopa kunyang'anywa. Nikamwambia. Nilimwambia kwamba siku nzima hakuna mwingine anayeniamkia ila yeye. Kwamba taa zikikusanywa asingekuwa na sababu ya kuniamkia tena, na nisingeweza kuvumilia. Maneno yalipotoka nje, kwenye ubaridi ule, mbele ya mzee ambaye mkewe amelala na koti la kazini juu yake, yalikuwa madogo sana. Nililia. Sikulia kwa kumwonea huruma, nililia kwa aibu.

Ngailo alivaa kofia yake.

"Mama Lusajo, taa inamfanya nini asiyeamkia?"

"Inamshusha nukta."

"Mimi nina ngapi?"

Nikaitazama taa yake. Miaka sita. Kila asubuhi nimetazama nukta ile moja kifuani mwake, nikaiona kama kitu kilicho chini yangu, na sikuwahi hata siku moja kujiuliza chini yake kuna nini.

"Chini ya moja hakuna," akasema. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka. "Mtaani kwetu kila mtu anajua. Itatetemeka mpaka ichoke yenyewe. Tungeweza kuwanyamazia nyote tangu taa zilipoletwa, na wengi wetu tunawanyamazia, ninyi mnadhani hatujawaona. Wewe nilikuona siku ya kwanza unaingia bombani peke yako, huna wa kukwambia hata 'umeamkaje'. Nikamwambia mke wangu, yule mama ana upweke mbaya. Akasema, basi mwamkie, utapungukiwa nini? Ndiyo maana."

Alilichukua gunia, akaingia ndani, akaanza kuzoa ukoko wa Ijumaa. Tulifanya kazi siku nzima. Mimi nilikwangua, yeye akabeba, na hakunisemesha wala kunifanyia ubaya wowote.

Jumanne niliwahi. Nilisimama mlangoni mwa Bomba la Tisa tangu saa kumi na mbili, nimejifunga kanga safi juu ya nguo za kazi. Ngailo alitokea kwenye ukungu na gunia begani. Alipofika hatua kumi taa yake ikaanza kutetemeka, niliisikia. Akaiacha itetemeke, akanipita, akainama kuingia bombani.

Nami nilikuwa nimeshafungua kinywa kuitikia.